Oksijeni imeshuka, mbona ROS (zile molekuli kali za oksijeni zinazoharibu seli) zinapanda? Nimekwama na seli za melanoma (saratani ya ngozi)

mwana_maabara: Wakuu habarini. Nipo masters, nafanya kazi na seli za melanoma ya panya, zile B16. Hatuna chemba ya kushusha oksijeni kwa hiyo nimetumia kobalti kloraidi ili HIF-1α, ile protini inayopanda seli zikikosa oksijeni, ipande, na kweli imepanda, ila ROS nazo zimepanda mno. Akili inagoma, hizi si zinatokana na oksijeni hiyo hiyo, sasa ikipungua si nazo zipungue? Msaada jamani, wiki ijayo naonana na supavaiza.

Dada Seli: Pole mdogo wangu. Kobalti inazuia vile vimeng'enya vinavyoipa HIF alama ya kuvunjwa, ndo maana HIF inapanda hata oksijeni ikiwa tele, halafu kobalti yenyewe inazalisha ROS. Kwa hiyo ulichopima usikiite ukosefu wa oksijeni, supavaiza atakubana hapo hapo. Ila hata oksijeni ikishuka kweli ROS zinaweza kupanda, mitokondria, vile viwanda vya nishati vya seli, zinavujisha elektroni pale kompleksi ya tatu ya mnyororo wa kupitisha elektroni, na oksijeni inayozidaka inageuka ROS. Azima chemba maabara nyingine, weka oksijeni asilimia 1, na ukitoa sahani usizubae hata kidogo, HIF ikikutana na hewa inavunjika ndani ya dakika chache na ROS zinaruka upya, vunja seli kwenye barafu palepale.

Mzee wa Inkubeta: Na kontroli yako, yaani seli za kulinganishia, je? Hewa ya inkubeta ina oksijeni karibu asilimia 20, ngozi ya mtu kwa kawaida iko chini sana ya hapo. Ongeza kundi la asilimia 5.

Mama K: Samahani naingilia, mdogo wangu katolewa melanoma kisiginoni, kuna mtu anamwuzia vidonge vya antioksidanti eti vinaua hizo ROS. Anywe?

Dada Seli: Mama K pole sana, asinywe kabla hajaongea na daktari wake wa saratani. Mwaka 2015 watafiti wa Dallas waliona seli za melanoma zikiingia kwenye damu zinaelemewa na ROS, nyingi zinafia njiani, na panya waliopewa antioksidanti inaitwa NAC saratani ikasambaa zaidi. Sweden mwaka huo huo nao wakaona inaongezeka kwenye tezi za limfu. Ni panya ndiyo, lakini mimi ndugu yangu nisingemruhusu. Matunda na mboga ale tu.

Mama K: Asante mwanangu, nampigia sasa hivi.

mwana_maabara: Asanteni sana, kobalti naiacha, kesho naenda kuomba chemba.