Nodi za ESP32 zinapotea kwenye painlessMesh

nodi_nne: Wakuu, nina ESP32 nne (vibao vidogo vya kielektroniki vyenye Wi-Fi) kwenye kitalunyumba, zimeunganishwa kwa painlessMesh, maktaba ya kuunda meshi, yaani mtandao ambao kila kibao (nodi) hupitisha ujumbe wa wenzake. Tatu zinapima unyevu wa udongo, ya nne inapeleka data kwenye ruta. Kila nodi inasoma kipimo, inaita `sendBroadcast()`, kisha `delay(60000)`. Zikiwashwa zinaonana, baada ya muda mfupi `getNodeList()`, orodha ya nodi zinazoonekana, inarudi tupu. Tena kipimo kilichopo pini ya GPIO 25 kinasoma vizuri Wi-Fi ikiwa imezimwa, ikiwashwa tu namba zinavurugika. Jina la meshi, nywila na poti 5555 ni zilezile kote.

waya_mwekundu: Mkuu, mchawi ni hiyo `delay()`. Kupokea ujumbe, kulinganisha saa, kuwajibu majirani: yote hufanyika ndani ya `mesh.update()`. Ukiisimamisha sekunde 60, majirani wanaihesabu nodi imekufa na kukata muunganisho. Kwenye `loop()` acha `mesh.update()` peke yake. Kutuma kupangie ratiba:

```
Scheduler ratiba;
void tumaUnyevu();
Task tuma(TASK_SECOND * 60, TASK_FOREVER, &tumaUnyevu);
```

Ndani ya `setup()`, mpe `mesh.init()` hiyo `&ratiba`, halafu `ratiba.addTask(tuma)` na `tuma.enable()`. Ukisahau `enable()`, hakuna kitakachotumwa na hutaona kosa lolote.

pini34: GPIO 25 iko upande wa ADC2 (ADC ni sehemu inayogeuza volti kuwa namba, na ESP32 ina mbili), na redio ya Wi-Fi ndiyo inayoushika huo. Hamishia waya kwenye pini ya ADC1. 34 inafaa sana, ni ya kuingiza tu. Msimbo mwingine usiuguse.

waya_mwekundu: Nimesahau suala la chaneli. Nodi inayojiunga na ruta kwa `stationManual()` inalazimika kuwa kwenye chaneli ya ruta, kwa hiyo meshi nzima iwe hapohapo. Ifunge ruta kwenye 6, mathalani, usiiachie ijichagulie, kisha kwenye nodi zote:

`mesh.init(JINA, NYWILA, &ratiba, 5555, WIFI_AP_STA, 6);`

Nodi ya ruta iwekee `setRoot(true)` ili iwe mzizi wa meshi, na zote nne `setContainsRoot(true)` zijue kuwa mzizi upo.

nodi_nne: Asanteni sana. Nikitaka zitumie betri na kulala kati ya vipimo?

pini34: Hapo painlessMesh haikufai. Nodi iliyolala haiwezi kupitisha ujumbe wa wenzake, na kila ikiamka inaanza kutafuta njia upya huku redio ikinyonya betri. Kwa vipimo vitatu, tumia ESP-NOW (njia ya ESP32 kutumiana ujumbe mfupi bila kupitia ruta) moja kwa moja hadi kwa nodi ile ya ruta, ambayo ibaki kwenye umeme. Hata kikomo cha baiti 250 kwa ujumbe cha toleo la kwanza la ESP-NOW kinakutosha kabisa, ila chaneli bado ziwe sawa.