Dada anayeuguza mzee alipwe kama nani?

Mzawa wa Kibosho: Wadau, nyumba nyingi za huku migombani, Kibosho hadi Marangu, zimebaki na mzee na dada wa kazi tu. Watoto wako Dar, tunawaona Desemba. Mzee akipigwa kiharusi, dada aliyeletwa kufagia na kukatia ng'ombe majani anageuka muuguzi: amgeuze kila baada ya saa mbili asitoke vidonda vya mgongo, ambadilishe pampasi, amkalishe wima kabla ya kumlisha uji usije ukampalia. Usiku na mchana, mshahara uleule. Amri ya mishahara ya 2022 iliweka 60,000 kwa mwezi kwa dada anayelala kwa mwajiri wa kawaida. Iliangalia anamfanyia kazi nani, balozi au mwalimu. Kazi yenyewe haikuiangalia. Nasema mwenye mgonjwa wa kitandani awe na daraja lake.

Mama Tumaini, Majengo: Na mimi mwalimu nimlipe kwa lipi? Pandisheni, muone dada akirudishwa kwao na bibi akiachwa mikononi mwa mjukuu wa darasa la tano.

Nesi Mstaafu: Mama Tumaini ana hoja. Marekani walivutana hivihivi: mabadiliko ya mwaka 1974 kwenye sheria ya ujira yaliwaacha nje wahudumu wa wazee majumbani, eti ni watu wa kupiga soga tu, hadi kanuni ya 2013 ilipowaingiza kwenye kima cha chini. Ila kule fungu kubwa la huduma hiyo linatoka serikalini, kupitia Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato kidogo. Huku ni mfuko wa mtoto mmoja. Zanzibar angalau tangu 2016 mzee wa miaka 70 anapata pensheni jamii hata kama hakuwahi kuajiriwa. Ilianza na 20,000. Bara je?

Dogo wa Njiro: Kuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii, mpango uliozinduliwa Januari 2024, wanasoma miezi sita. Si wapite kwenye hizo nyumba wamfundishe dada?

Mzawa wa Kibosho: Wapite, sawa. Lakini mafunzo bila usingizi ni bure, shemeji. Mkataba uandikwe: siku yake ya kupumzika, na nani anampokea usiku. Watoto sita mkichanga, hiyo nyongeza mnaipata kwenye kundi la WhatsApp jioni moja.

Mama Tumaini, Majengo: Sita? Kwetu anayetuma ni mmoja. Wengine wanaandika "Amina".