Naomba ushauri: farasi mweusi wa sataranji yangu ya zamani amepotea

Mkaazi wa Mkomani:
Assalamu alaikum, ndugu zangu. Ninakaa Mkomani, Lamu, na huu ni mwaka wa tatu tangu nianze kupenda sataranji. Ninayo seti ya Kiingereza ya mtindo wa Staunton, ya mwaka 1840, ambayo kete zake nyeusi ni za mpingo na nyeupe ni za mti unaoelekea umanjano. Kila baada ya Alasiri huipanga barazani, na nakiri kwamba ule mshindo mdogo wa kete nzito inapotua ubaoni hunisahaulisha mengi. Wiki mbili zilizopita punda wa mizigo alilisukuma bao na farasi mmoja akaangukia mtaroni. Nimeupekua mtaro kwa mikono yangu bila ya mafanikio. Je, nichongeshe mwingine, au niiweke seti isichezwe tena? Naomba majibu mapema, kwa sababu muda ni mfupi.

Mzee wa Dhumna:
Kwa hivyo punda amemshinda farasi! Bwana, rudi kwenye bao la kwetu. Kete zake ni sitini na nne, zote komwe, na ikipotea moja huokota nyingine bila ya kuandika barua kwa mtu yeyote.

Mwanafunzi wa Chuoni:
Kabla ya kuchongesha, ndugu, jiulize kwanza habari ya mchezo wenyewe. Katika madhehebu yetu ya Shafii sataranji ni makuruhu, madamu haina kamari wala haimpitishi mtu swala, lakini madhehebu mengine matatu yamekaza zaidi. Umesema unacheza baada ya Alasiri. Magharibi inakukuta wapi?

Mkerezaji wa Malindi:
Tuzungumze ufundi. Kete nyingine zote za seti kama hiyo hukerezwa kwa mashine, lakini kichwa cha farasi huchongwa kwa mkono, na ndicho kinachompa fundi kazi kubwa kuliko kete zote. Chini ya kitako hutiwa risasi ili kete isiyumbe, kisha hufunikwa kwa kitambaa. Vilevile, seti nyingi za Jaques wa London, watengenezaji wa sataranji za mtindo huo, zina taji dogo lililogongwa kwenye farasi na ngome ya upande wa mfalme. Aliyepotea alikuwa na taji? Na ikiwa seti ni ya thamani hivyo, mwenyewe aliiruhusu vipi itoke nje kwenye upepo wa chumvi?

Mkaazi wa Mkomani:
Ahsante sana, fundi. Ndiyo, alikuwa na taji, na ngome yake ninayo, nayo inalo. Upepo haujaidhuru, maana huipangusa kila jioni kwa kitambaa kikavu. Nimeshampata mchongaji hapa hapa mjini na nimemtangulizia nusu ya malipo, kwa hivyo ninachohitaji kujua ni namna ya kuutia uzito tu.

Bi Mkubwa wa Langoni:
Mwanangu, umeulizwa habari ya mwenyewe ukajibu habari ya kitambaa. Seti ni ya nani?

Mkaazi wa Mkomani:
Shikamoo, bibi. Seti si yangu. Ninaangalia nyumba ya mgeni mmoja kule Shela, mzee wa Kizungu, ambaye ndiye aliyenifundisha kucheza, na alipoondoka aliniachia funguo akaniambia niipanguse seti isiingie ukungu. Hakusema nisiicheze. Anarudi mwisho wa mwezi huu. Nimemwambia mchongaji agonge na lile taji, ili seti irudi kama ilivyokuwa na mzee asihuzunike bure, kwa kuwa macho yake yamepungua na nikimweleza ukweli nitapoteza kazi. Sioni nimemdhulumu nani.

Mkerezaji wa Malindi:
Kuchonga farasi wa badala si kosa, na seti nyingi za zamani zina kete zilizoungwa hivyo. Kosa ni hilo taji, maana alama hiyo humwambia mnunuzi kwamba kete imetoka kwa Jaques, nawe unaigongesha Lamu. Halafu usitegemee macho ya mzee. Aliyecheza seti moja miaka mingi huijua kwa vidole, na mbao mpya ina kingo kali ambazo ile ya zamani imezipoteza.

Nahodha Mstaafu:
Mimi malkia wa seti yangu ya plastiki alipotea, nikaweka kizibo cha soda kwa miaka minne. Tulikizoea hata mjukuu wangu alipopewa seti kamili shuleni aliuliza kizibo kiko wapi.

Mdadisi:
Nawasikitikia mnaojibu kwa moyo wote. Mtindo wa Staunton uliandikishwa na Nathaniel Cooke mwaka 1849, Jaques akautengeneza mwaka huo huo, na Howard Staunton, bingwa wa sataranji, aliutolea jina lake tu. Seti ya Staunton ya mwaka 1840 ni jahazi lililotia nanga kabla ya kuundwa. Ongezeni na punda aliyetokea kwa wakati wake, nami naiona hadithi ya kutunga.

Mzee wa Dhumna:
Punda mwachie, bwana. Lamu punda hahitaji kutungwa.

Mkaazi wa Mkomani:
Mzee alisema ni ya miaka ya arobaini ya karne ile, nami nikaandika 1840 kwa ufupi. Nimeweka picha ya kasha: kete thelathini na moja, na nafasi moja tupu.

Mdadisi:
Nafasi tupu hata mimi naweza kuipiga picha.

Bi Mkubwa wa Langoni:
Iwe ya kweli au ya kutunga, mwanangu, mzee aliyekaa nawe akakufundisha mchezo hastahili kuambiwa na vidole vyake. Mpigie simu kabla hajapanda ndege.

Mkaazi wa Mkomani:
Nimekusikia, bibi, lakini kazi ni kazi. Mchongaji naye amenipigia sasa hivi, kichwa kimekamilika, na anauliza kama aligonge taji au aliache. Sijamjibu.

Nahodha Mstaafu:
Samahani, na huo muhuri wa taji yeye ameutoa wapi?