Miasumini na miwaridi inakufa chini ya mwembe mkubwa: tufanyeje?

Mkaazi wa Bububu

Asalaam aleikum, ndugu zangu. Uwani kwetu pana mwembe boribo wa zamani alioupanda babu yangu, ambao kivuli chake kinafunika karibu nusu ya ua. Chini yake mama alipanda mstari wa miasumini, miwaridi na mihina kuelekea ukutani. Miche ilishika vizuri wakati wa masika, lakini kaskazi ilipoingia majani yalianza kuwa manjano na kupukutika, vijiti vikakauka kuanzia nchani, na sasa ile iliyo karibu na shina la mwembe imekwisha kufa. Majani yaliyobaki yana weusi unaofanana na masizi. Tunamwagilia kila jioni kwa mpira. Jirani anashauri mwembe ukatwe, na fundi mmoja anasema tukate mizizi ya upande wa ukutani. Mama hataki kabisa kuusikia ushauri wa kwanza, nami naogopa wa pili. Je, huu ni ugonjwa?

Bwana shamba mstaafu

Waaleikum salaam, mwanangu. Usikate chochote kabla hujachimba. Asubuhi baada ya kumwagilia, fukua udongo kidogo kando ya mche ulio hai na kando ya uliokufa, uangalie maji yamefika wapi. Ng'oa uliokufa uitazame mizizi yake: ikiwa ni myeusi, laini na ina harufu ya kuoza, maji yamezidi au kuna kuvu; ikiwa ni mikavu na inakatika, mmea umekufa kwa kiu. Kwa miche iliyobaki, kwaruza gome kwa ukucha, kwani palipo na kijani chini ya gome bado pana uhai. Nieleze pia kama maji yenu ni ya kisima chenye chumvi, maana chumvi huunguza majani kuanzia pembezoni.

Mama Kitalu, Wete

Huo weusi, mwanangu, hautoki kwenye miasumini. Tazama juu. Vidugamba, wadudu wadogo wanaofyonza majani ya mwembe, hudondosha utomvu mtamu kwenye mimea iliyo chini, na ukungu mweusi huota juu ya utomvu huo. Ukifuta jani kwa kitambaa chenye maji, weusi utatoka na jani litakuwa zima. Mkiwaona maji moto, wale sisimizi wa miembeni, wakipanda na kushuka shinani, basi huenda wanawalinda hao vidugamba ili wapate utamu wao. Ukungu huo unaziba mwanga, lakini peke yake hauui mche.

Mkaazi wa Bububu

Nashukuru sana. Maji yetu si ya chumvi. Udongo ulikuwa umelowa juu tu, na chini yake ulikuwa mkavu, umejaa vijizizi vyembamba vya mwembe vilivyosukana. Mizizi ya miche iliyokufa ni mikavu, haina harufu. Weusi umefutika kama alivyosema Mama Kitalu, na maji moto wapo wengi. Mihina iliyo pembeni, inakopata jua la asubuhi, ina kijani chini ya gome.

Bwana shamba mstaafu

Basi mimea yenu imekufa kwa kiu na giza, wala si kwa ugonjwa. Mizizi inayolisha mwembe iko karibu na uso wa ardhi na huenea hata kupita mwisho wa matawi, kwa hiyo maji machache ya kila jioni hunywewa na mwembe kabla mche haujapata kitu. Masika mvua ilikuwa inatosha wote wawili, ndiyo maana hamkuona dalili mapema. Mmwagilie mara chache zaidi lakini kwa wingi, polepole, mpaka maji yazame, kisha mtandaze majani makavu bila kuyagusisha na mashina. Msirundike udongo mpya juu ya mizizi ya mwembe, kwa sababu mizizi inahitaji hewa. Na ile mikubwa msiikate kabisa, kwani ndiyo inayoushikilia mti usiangukie nyumba wakati wa upepo mkali.

Baada ya kuvuna, mpate mtu anayejua kupogoa, apunguze matawi ya chini na yaliyosongamana ndani, lakini asizidi robo ya mti kwa mara moja. Hata hivyo, nakueleza wazi kwamba mwaridi na mwasumini ni mimea ya jua, na kupogoa hakutatosha kuinawirisha chini ya mwembe. Iliyo hai ihamisheni masika yakianza.

Mama Kitalu, Wete

Naongeza kwamba mahali hapo hapataki kubaki patupu. Sisi Pemba na Unguja tumezoea kuotesha vitu vya thamani kivulini. Mkilua unapenda kivuli na utampa mama harufu aliyoikusudia kwa asumini. Pilipili manga na vanila hutambaa juu ya miti, na hiliki huota chini yake ikiwa unyevu upo. Chimbeni mashimo madogo kati ya mizizi, mtie samadi iliyooza vizuri, mpande miche midogo, kwa sababu mche mkubwa unadai shimo kubwa, na shimo kubwa hukata mizizi. Mwimwagilie hiyo miche kaskazi yote ya mwanzo.

Mkaazi wa Bububu

Mama amesomewa yote na ameridhia mkilua. Mihina tutaiacha ilipo, na miwaridi itahamia upande wa mlangoni kwenye jua, masika yakijaaliwa.