Spika za studio zinaunguruma: ninunue kisanduku cha transfoma, UPS, au nibadilishe spika kabisa?

Mtayarishaji wa Tabata
Habari za jioni, ndugu zangu. Ninaomba ushauri kabla sijatoa fedha mfukoni. Nina studio ndogo chumbani kwangu hapa Tabata, na kwa wiki tatu sasa spika zangu mbili za inchi tano, zile zenye amplifaya ndani, zimekuwa zikitoa sauti isiyotakiwa hata wakati sichezi chochote. Nimetenga shilingi laki nne na nina njia tatu: ninunue kisanduku cha transfoma cha kukata muungurumo, ninunue UPS (kile kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme unapokatika) kwa kuwa muuzaji mmoja amenihakikishia kwamba husafisha umeme, au niziuze spika hizi na kuongeza fedha nipate spika za Yamaha HS5. Muuzaji anasubiri jibu langu keshokutwa. Ipi ni bora?

Sikio la Mvita
Ndugu, hujatuambia sauti yenyewe ikoje, na hapo ndipo penye jibu. Je, ni muungurumo mzito, ni "shhh" kama maji ya bomba, au ni mlio mwembamba unaobadilika unaposogeza kipanya? Spika zimeunganishwa na nini, kwa waya wa aina gani? Laptopu iko kwenye chaja? Zaidi ya yote, chomoa waya wa sauti nyuma ya spika, uache ule wa umeme peke yake, kisha usikilize. Sauti ikibaki vilevile, tatizo limo ndani ya spika. Ikiisha, spika zako ni nzima na hakuna sababu ya kuziuza.

Kinanda cha Mwanza
Mimi ninashauri UPS bila kusita. Tangu nilipoinunua sijapoteza kazi hata moja umeme unapokatika, na sauti ya studio yangu imetulia.

Sikio la Mvita
Kulinda kazi isipotee ni faida ya kweli, lakini si swali lililoulizwa. UPS nyingi za bei nafuu hupitisha umeme wa ukutani kama ulivyo, na zinapohamia kwenye betri hutoa wimbi lenye ngazi badala ya wimbi laini, hivyo spika zinaweza hata kuunguruma zaidi.

Mtayarishaji wa Tabata
Samahani kwa kuacha mambo ya msingi. Ninatumia Focusrite Scarlett 2i2, yaani intafesi inayounganisha laptopu na maikrofoni na spika, na kutoka hapo kwenda kwenye spika nimeunganisha nyaya za jeki nilizonunua Kariakoo. Laptopu huwa kwenye chaja, katika soketi iliyo upande wa pili wa chumba, na spika ziko kwenye ekstensheni. Nimechomoa nyaya za sauti kama ulivyoelekeza na muungurumo umekatika mara moja. Imebaki "shhh" hafifu ambayo ninaisikia nikisogeza sikio karibu tu. Jambo jingine: nimepiga noti kwenye kinanda nikilinganisha, na muungurumo unakaribiana sana na G ya chini.

Sikio la Mvita
Umefanya jambo la maana sana. Umeme wetu huzunguka kwa hezi 50, yaani mara 50 kwa sekunde, na G ya chini ni hezi 49. Ile ya oktavu inayofuata ni 98, jirani na hezi 100. Kwa hiyo unachosikia ni umeme wa ukutani ulioingia kwenye njia ya sauti. Laptopu ina ethi yake, ule waya wa usalama unaoelekea ardhini, kupitia chaja, spika zina ethi yake kupitia ekstensheni, na waya wa sauti unaziunganisha hizo mbili zikawa mzunguko mmoja. Sasa tazama ncha ya jeki zako: ina mstari mweusi mmoja au miwili?

Studio ya Uani
Kabla hajajibu, ninaomba nieleze yaliyonipata, kwa sababu najua atatokea mtu wa kumshauri akate ethi. Mwaka ule nilipoanza, fundi mmoja alinishauri nitoe ethi kwenye plagi ya spika, akafungua plagi ya pini tatu na kuuacha waya wa kijani na njano ukining'inia ndani. Muungurumo ulikwisha, nikamshukuru, nikamlipa. Baada ya miezi kadhaa alikuja dada mmoja kurekodi kiitikio. Alikuwa peku, sakafu ilikuwa imepigwa deki muda si mrefu, na alipousogeza mdomo hadi ukagusa wavu wa maikrofoni alirushwa nyuma, akaangusha stendi. Ndani ya spika moja umeme ulikuwa umevuja hadi kwenye bati la nyuma, na kwa kuwa haukuwa na ethi ya kuupeleka ardhini, ulifuata waya wa sauti hadi kwenye intafesi na kufika kwenye maikrofoni. Alipona, Mungu ashukuriwe, lakini hakurudi tena, na mimi sikuweza kulala usiku ule. Ethi ipo kwa ajili ya uhai wa mtu. Muungurumo una dawa nyingine.

Mtayarishaji wa Tabata
Pole sana, na asante kwa kunionya. Jeki zangu zina mstari mmoja. Nikihamishia chaja kwenye ekstensheni ya spika muungurumo unapungua karibu nusu. Nikichomoa chaja kabisa unaisha.

Sikio la Mvita
Basi nunua kwanza nyaya za TRS, zenye mistari miwili, ambazo husaidia kuuzuia muungurumo unaoingia kupitia waya wa sauti, kwa kuwa intafesi yako inazikubali. Angalia kama spika zako nazo zinazipokea. Zitakugharimu sehemu ndogo ya laki nne.

Kinanda cha Mwanza
Kwa nini asinunue transfoma akamaliza? Kisanduku kinakata mzunguko bila kujali nyaya.

Sikio la Mvita
Kinaukata, sikatai. Lakini transfoma ndogo za bei nafuu hupunguza besi na kuikwaruza sauti inapopandishwa, na mtu anayechanganya muziki anahitaji kuisikia besi ilivyo. Kisanduku kizuri kina bei yake.

Studio ya Uani
Mimi ningeanza na ethi ya nyumba. Nyumba nyingi za kupanga zina soketi za pini tatu ambazo tundu la juu halijaunganishwa na kitu, au fimbo ya ethi imekatika pale uani. Fundi mwenye kipimo aipime.

Mtayarishaji wa Tabata
Nimemwomba muuzaji anisubiri. Mwenye nyumba amekubali fundi aje Jumamosi, na nyaya za TRS nitazifuata kesho, kwa kuwa nimehakikisha nyuma ya spika kuna tundu lake. Bado ninajiuliza kuhusu ile "shhh".

Kinanda cha Mwanza
Hiyo ni ya amplifaya yenyewe. Punguza kitufe nyuma ya spika, kisha upandishe sauti kwenye intafesi. Unakaa umbali gani kutoka kwenye spika?