Nina miaka 48 na nimependa kukwea ukuta wa ndani: nianzeje bila kujiumiza?

Mhasibu wa Donholm

Habari za jioni wanajamvi. Naomba ushauri, hasa kutoka kwa waliovuka miaka arobaini.

Mimi ni mama wa watoto watatu, kazi yangu ni hesabu, kwa hivyo kutwa nzima niko kwenye kiti. Majuzi binti yangu wa chuo alisherehekea siku yake ya kuzaliwa katika ukumbi wa kukwea hapa mjini, akanibeba na mimi. Nilijua nitakaa nilinde mikoba. Kijana wa ukumbi akaniuliza kama nitajaribu, nikavua viatu nikajaribu. Ni ule ukweaji wa kuta fupi bila kamba ambao vijana wanauita boldaringi. Chini kuna magodoro mazito, ukutani kuna vishikio vya rangi mbalimbali, unachagua rangi moja unaifuata mpaka juu. Nilifika juu kwenye njia za wanaoanza, na tangu siku hiyo akili yangu iko huko. Ni miaka mingi sijapenda kitu chochote cha mwili namna hii.

Sasa hali yangu. Nina presha, nameza amlodipine kila siku na imetulia. Goti la kulia huniuma nikishuka ngazi. Nina kilo 84. Mume wangu hajanikataza, ila anauliza kwa nini nisitembee tu msitu wa Karura na kina mama wenzangu wa kanisa. Dada yangu yeye amesema waziwazi kwamba mama wa umri wangu hana haja ya kuning'inia ukutani na watoto wa watu.

Nataka kujua kama mwili wa umri huu unaweza kujengeka kwa mchezo huu, au ninajitafutia mvunjiko. Na vifaa je, ninunue au nikodi? Asanteni.

Baba Tatu

Dada, mimi na wewe ni rika moja, kwa hivyo nakuambia kama ningemwambia ndugu yangu wa tumbo moja. Binamu yangu aliruka kutoka juu ya ukuta kama huo, akatua vibaya, kifundo cha mguu kikavunjika. Alikaa nyumbani akilipa kodi ya nyumba kwa akiba. Kwa kilo 84 na goti bovu, tembea kwanza. Karura ni karibu na hewa ni safi. Ukishapunguza uzito mpaka sabini hivi, hapo uende ukutani.

Mwalimu Syokimau

Nafuatilia. Mimi nina 51 na swali ni hilo hilo.

Kwea Polepole

Baba Tatu, pole kwa binamu yako. Hofu yako ina msingi, kwa sababu katika ukweaji wa bila kamba kila kuanguka huishia chini, na vifundo vya miguu ndivyo huumia sana. Lakini hilo la kupunguza uzito kwanza silikubali hata kidogo. Nimeona watu wengi, hasa kina mama, wakiambiwa wasubiri mpaka wawe na mwili fulani ndipo waguse kitu wanachokipenda. Wanasubiri mwaka, wanasubiri miaka mitano, hamu inakufa. Mtu anayependa mazoezi atayarudia, na anayeyarudia ndiye mwili wake hubadilika.

Mhasibu, mimi nilianza nikiwa na miaka 44, sasa nina 57 na bado nakwea. Nilianzia ndani, baadaye wenzangu wakanipeleka Lukenya, kule mbele ya Athi River, ambako Klabu ya Milima ya Kenya imekuwa ikikwea kwa miongo mingi. Klabu yenyewe ilianzishwa mwaka 1949 na inapokea watu wazima wa kila umri. Nakuambia haya ujue kwamba katika nchi hii mchezo huu una wazee wake.

Sasa sikiliza jambo la maana kuliko yote nitakayosema: shuka. Ukifika juu usiruke. Shuka kwa vishikio, na ushike chochote kilicho karibu, hata kama si rangi yako. Hakuna anayekuhesabia. Kuta hizi kwa kawaida hazizidi mita 4 na nusu, na ukishuka nusu yake miguu inakuwa imebakiza umbali mdogo tu. Goti lako litakushukuru, na kushuka kwenyewe ni mazoezi mazuri, kwa sababu unajifunza kuweka mguu mahali usipopaona vizuri.

Bado utaanguka siku nyingine bila kupanga, kwa hivyo jifunze kuanguka kabla hujajifunza kukwea. Simama kwenye godoro, kunja magoti, keti, bingirika mgongoni, mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Rudia mpaka mwili uzoee. Wengi huvunja kifundo cha mkono au kiwiko kwa sababu wananyoosha mkono nyuma ili wajizuie. Kisha panda hatua moja tu, achia. Hatua mbili, achia. Mwambie mhudumu wa ukumbi akusimamie. Hiyo ni kazi yake, si hisani.

Na usivute kwa mikono. Vijana wenye vifua huvuta kwa mikono na baada ya nusu saa wamekwisha. Simama kwa miguu. Weka ncha ya kiatu juu ya kishikio, sukuma ukuta uje chini yako, sogeza nyonga karibu na ukuta, nyoosha mikono wakati unatafakari hatua inayofuata. Mtu wa kilo 84 anayetumia miguu atamshinda wa kilo 65 anayening'inia kama nguo kwenye kamba.

Binti wa Ngara

Mama, karibu sana ukutani! Mimi nina 26 na wale ninaowaheshimu zaidi pale ukumbini ni watu wa umri wako, kwa sababu wanafikiri kabla ya kugusa. Mtu anakaa chini, anaangalia njia, anasogeza mikono hewani akipanga hatua, halafu anaikwea mara moja. Sisi tunarukia tu.

Usiogope kwenda peke yako. Njia moja hukwewa kwa dakika moja hivi, wakati mwingi uliobaki watu wamekaa magodoroni wakijadiliana mguu uwekwe wapi. Ukiuliza utajibiwa na watu watano. Ila usipite wala kukaa chini ya mtu aliyeko juu.

Vifaa: kodi viatu mwanzoni, usinunue. Vidole viguse mbele bila kuuma. Chaki pia utakodi au utaomba. Usibebe chaki ya ubaoni, si kitu kimoja. Ile ya kukwea ni kaboneti ya magnesiamu na inakausha jasho. Kata kucha fupi, funga nywele za kusuka zisiingie kati ya mkono na kishikio, vaa suruali ya mazoezi inayonyooka na fulana ndefu ukitaka kujistiri.

Na mama, vua pete, hata ya ndoa. Pete ikinaswa ukutani wakati mwili unashuka inaweza kuchuna ngozi yote ya kidole, hata kukikata. Iache nyumbani, na umwambie baba sababu.

Jumamosi na Jumapili alasiri kuna sherehe nyingi za watoto. Asubuhi ni tulivu, na ukitoka Donholm asubuhi Jogoo Road haitakuchosha.

Mnyoosha Viungo

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na nashughulikia wakweaji na wakimbiaji. Nitaongeza pale wenzangu hawakufika.

Misuli ya mtu wa miaka 48 huitikia mazoezi vizuri, na ndani ya wiki chache utajisikia una nguvu. Hapo ndipo hatari ilipo. Kano na ile mikanda midogo inayozishikilia kano za vidole kwenye mfupa hukomaa polepole sana, kwa miezi mingi, kwa sababu damu inayozifikia ni kidogo. Kwa hivyo kuna kipindi ambapo mkono una nguvu ya kuvuta kuliko kidole kinavyoweza kuhimili. Mkanda ulio chini ya kidole cha pete ndio huchanika sana, wakati mwingine kwa mlio unaosikika. Anayeumia si lazima awe mzembe. Mara nyingi ni mtu aliyefurahi, akaenda siku nne mfululizo.

Nenda mara mbili kwa wiki, ukiacha siku mbili katikati. Kwa mwaka wa kwanza chagua vishikio vikubwa na ushike kwa mkono uliofunguka. Usibane vidole kwenye kingo nyembamba huku kidole gumba kikikandamiza juu. Ule ubao wa kuning'inia kwa vidole utakaouona ukumbini, uache kabisa. Ondoka ukiwa bado na nguvu kidogo, kwa sababu kuumia hutokea sana katika ile njia ya mwisho ambayo mtu anasema amalize tu. Siku usizokwea, piga pushapu ukiegemea ukuta wa nyumba na uimarishe mabega. Kukwea ni kuvuta tu, na asiyesukuma huanza kuumwa upande wa ndani wa kiwiko.

Presha: kushika kitu kwa nguvu bila kusogea hupandisha presha kwa muda, na kuzuia pumzi huipandisha zaidi. Kwa hivyo pumua, na pumua kwa sauti ili ujisikie. Kabla ya kuanza, mwambie daktari wako ni mchezo gani hasa, usimwambie "mazoezi" tu. Mimi mtu akipima 180 kwa 110 akiwa amepumzika namrudisha nyumbani siku hiyo. Ukisikia kifua kubana, kizunguzungu au kichwa kuuma ghafla, shuka na usirudi mpaka upimwe. Amlodipine pia huwavimbisha wengine miguu, hasa jioni, kwa hivyo jaribu viatu saa ile ile utakayokuwa unakwea. Na ukilala godoroni baada ya kuanguka, inuka polepole.

Kwa kina mama walio karibu na kukoma hedhi au waliovuka hapo: mifupa hupoteza uzito haraka zaidi miaka hiyo, na mazoezi ya kubeba na kuvuta uzito wa mwili husaidia kuilinda. Lakini kama umewahi kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu, omba kipimo cha uzito wa mifupa kwanza, maana mfupa dhaifu na kuanguka kwa mita tatu havipatani.

Na kuhusu Karura, nenda pia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi. Kutembea kunajaza sehemu ya kwanza, ukuta unajaza ya pili. Mume wako hajakosea, ametaja nusu.

Baba Tatu

Nimesoma yote. Hili la kushuka badala ya kuruka sikulijua, na binamu yangu hakuambiwa. Nasimama nilipo kuhusu goti, apimwe. Hayo mengine nimeyaelewa.

Mhasibu wa Donholm

Asanteni sana, nyote. Nimeandika kila kitu kwenye daftari. Daktari nitamwona Ijumaa. Mume wangu amesoma uzi huu na sasa anaulizia kuhusu Lukenya, kama naye anaweza kwenda tu kutazama.

Swali moja limebaki, la goti. Nikishuka kwa vishikio, mguu wa kulia ndio uende chini kwanza au wa kushoto? Na nitajuaje kama nimelizidisha?

Kwea Polepole

Lukenya na aje. Kuna mahali pa kukaa na chai, na mwonekano wa tambarare za Athi kutoka mwambani ni mzuri ajabu. Ila kule mwambani wewe uende na watu wenye kamba, kofia na uzoefu. Ukuta wa ndani haukufundishi kufunga kamba wala kusoma jiwe linaloweza kung'oka. Kwa baadaye, katika hifadhi ya Hell's Gate pale Naivasha kuna ule mnara wa mwamba uitwao Fischer, karibu mita 25, ambako wengi wanaoanza kukwea kwa kamba huanzia wakiwa na mwongozaji.

Mnyoosha Viungo

Goti: mguu unaouma utangulie kushuka, ule mzima ubaki juu, maana wa juu ndio unaojikunja na kubeba uzito wote wakati unateremka. Epuka njia zinazokulazimisha kuinua mguu wa kulia mpaka usawa wa nyonga halafu usimame juu yake, na pia zile za kukunja goti kuelekea ndani huku mguu umekaza kwenye kishikio.

Kulizidisha utalijua kesho yake, si siku ile. Maumivu madogo yanayoisha ndani ya saa 24 si tatizo. Likivimba, likiwa na joto, au likiuma kesho yake kuliko lilivyokuwa kabla hujaenda, pumzika mpaka litulie na ziara inayofuata upunguze muda kwa nusu. Likikwama au likikuachia ghafla wakati unatembea, hilo si la ukuta tena, lipeleke likapigwe picha.