Swali la msamiati "kama ulivyotumika": nakosa alama kila mara

Mtahiniwa_Mwingi
Hamjambo nyote. Nafanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, mwaka huu. Kwenye Karatasi ya Pili ya Kiswahili, sarufi najikaza na ufupisho si haba, lakini lile swali la mwisho la ufahamu, "Eleza maana ya msamiati ufuatao kama ulivyotumika katika kifungu", linanimaliza. Kwenye mtihani wa mwigo juzi nilipata 0 kati ya 3.

Kifungu kilikuwa na sentensi hizi. "Ukata uliwaandama tangu baba afutwe kazi." Nikaandika: kifaa cha kukatia. "Mama alishinda njaa ili wanawe wapate chochote." Nikaandika: aliiweza njaa isimsumbue. "Asubuhi wakakuta ua umeporomoka na ng'ombe wametapakaa." Nikaandika: sehemu ya mmea inayonukia.

Nimenunua kamusi, nakariri maneno 20 kila usiku. Nifanye nini zaidi?

Mwalimu_Kilifi
Mwanangu, kamusi iweke kando kidogo. "Shinda" na "ua" unayajua tangu chekechea. Kilichokuponza ni kulijibu neno kabla ya kuisoma sentensi.

Tuanze na "ua". Tazama kitenzi: UMEporomoka. Angekuwa anasema la kunukia, mwandishi angeandika "ua limeporomoka", maana hilo liko ngeli ya LI-YA, wingi maua. Hili ni la U-ZI, wingi nyua: kizuizi kinachozunguka boma. Na ng'ombe waliotapakaa ndio mashahidi. Nimefundisha Kidato cha Nne miaka 17 na hili huniuma kila mwaka: mwanafunzi anazijua ngeli zote, anazitumia kwenye sehemu ya matumizi ya lugha kwa sababu kule kuna alama 40, kisha kwenye ufahamu anazisahau kabisa. Upatanisho unakupa jibu bure! "Kaa limezimika" na "kaa amejificha mchangani", hapo nani atahitaji kamusi?

"Ukata" ndilo ulilokuwa hulijui kweli. Lifunike kwa kidole, usome kilichobaki: "... uliwaandama tangu baba afutwe kazi." Ni nini huiandama familia mshahara ukikatika? Umaskini. Ufukara. Herufi za "kata" ndani yake zisikuvute.

"Alishinda njaa": alikaa mchana kutwa bila kula. Angalia nimeandika "alikaa", sikuandika "kukaa". Neno uliloulizwa lina nafsi na wakati, basi na jibu lako liwe navyo. Ukimaliza, lirudishe kwenye sentensi usome kwa sauti ya moyoni. "Wakakuta sehemu ya mmea imeporomoka na ng'ombe wametapakaa": ungesikia mwenyewe kwamba haikai.

Nilimaliza_Mwaka_Jana
Naungana na Mwalimu, ila kidole peke yake kinaweza kukupoteza. Mimi niliwahi kukutana na "Alighairi safari." Ukifunika, "alianza" inaingia, "aliahirisha" inaingia, hata "aliifurahia". Nilikimbilia la kwanza nikakosa. Sentensi iliyofuata ilisema alifungua mizigo akarudisha nguo kabatini. Kumbe alibadilisha nia! Kwa hiyo soma ya juu na ya chini, usibanwe na mstari mmoja.

Na usirundike maana tatu ukitumaini moja itagonga. Mwalimu wetu alikuwa akiona hivyo anakata.

Mwalimu_Kilifi
Umenena vyema, dada. Hilo la sentensi inayofuata nilipaswa kulitaja. Saa mbili na nusu za karatasi hiyo zinatosha kurudi kwenye kifungu, msiogope kurudi.

Mtahiniwa_Mwingi
Asanteni sana. Jana usiku nimejaribu karatasi nyingine bila kamusi. Sentensi: "Wanawe walilowea mjini, hata wajukuu wakawa hawaijui lugha ya kwao na shamba likamezwa na magugu." Wameuliza "walilowea". Mwanzo nilitaka kuandika "walilowa maji" kwa sababu yanafanana. Nikafunika, nikasoma hadi kwenye magugu, nikaandika: "walihamia na kukaa moja kwa moja". Niko sawa?

Mwalimu_Kilifi
Sawa kabisa, alama yako hiyo. Nafsi ipo, wakati upo. Hilo neno ulikuwa umelikariri?

Mtahiniwa_Mwingi
La, Mwalimu. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuliona.